Strandberg Boden kwenye Mizani ya Telecaster: Gitaa Lisilo na Kichwa na Fundi Atakayelitengeneza

Strandberg Boden ni gitaa la umeme la nyuzi sita ambalo halina kichwa. Shingo yake inakatikia pale pale nyuzi zinapoanzia, vifaa vya kukazia nyuzi vimehamishiwa kwenye daraja, yaani pale nyuzi zinaposhikwa mwilini mwa gitaa, freti zake 24 (vile vyuma vinavyokatiza shingo) zimelala mshazari kila moja kwa pembe yake, mgongo wa shingo una mapande bapa badala ya mviringo, na gitaa zima lina uzito wa kilo mbili na ushei. Aliyelibuni ni Msweden Ola Strandberg, ambaye alianza kwa kujitengenezea magitaa na vifaa vyake mwenyewe kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, na leo Boden nyingi zinazouzwa madukani hutengenezwa Indonesia. Wanaolipenda husema kwamba hatimaye gitaa limeundwa kwa kuufuata mwili wa binadamu, na wasiolipenda husema kwamba limekatwa kabla halijaisha. Nadhani pande zote mbili zinabishania jambo lisilo zito. Kwa mtu anayepanga kuishi na gitaa kwa miaka mingi, tena mahali ambapo duka la vipuri liko mbali, swali zito ni nani ataliweka sawa siku litakapogoma.

Ndiyo maana mizani ninayoitumia ni Telecaster ya Fender. Mjadala wa magitaa mapya na ya zamani huharibika mapema kwa sababu watu hudhani kuwa la zamani lilizaliwa likiwa la zamani. Leo Fender hakuwa mpigaji gitaa, wala hakulelewa katika karakana ya ala za muziki. Alikuwa fundi redio aliyefungua duka lake la matengenezo mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na magitaa na amplifaya za watu zilimfikia mezani pamoja na redio zao. Gitaa alilolitoa mwaka 1950, ambalo liliitwa Esquire na Broadcaster kabla ya kupewa jina la Telecaster mwaka 1951, linaonekana hadi leo kuwa kazi ya mtu aliyechoshwa na kufungua vitu vilivyofungwa vibaya. Shingo imeshikwa kwa skrubu nne bila gundi, kwa hiyo ikipinda au ikivunjika inafunguliwa na nyingine inafungwa mahali pake. Swichi na vitufe vya sauti vyote vimefungwa kwenye bamba moja la chuma lenye skrubu mbili, kiasi kwamba fundi hulinyanyua bamba hilo na kuziona nyaya zote kabla chuma chake cha kulehemu hakijapata moto. Watengenezaji waliozoea kuchonga magitaa yenye tumbo walilicheka, wakaliona ni ubao uliotiwa nyuzi. Mwaka 1952 Gibson, mmoja wa wachongaji hao wa zamani, ikatoa Les Paul, nalo likiwa gitaa la mwili mgumu usio na uwazi ndani.

Kwa hiyo kile tunachokiita mapokeo ya gitaa la umeme kilianza kikiwa uvumbuzi mtupu, na nguvu yake kubwa haikutokana na umbo wala aina ya mbao, bali na wepesi wa kulirudisha gitaa kazini. Mpigaji wa bendi ya dansi katika miji yetu hahitaji kuhubiriwa jambo hilo, kwani mara nyingi fundi redio wa mtaani ndiye anayeshughulikia amplifaya yake, waya wake na gitaa lenyewe, na fundi huyo akipewa Telecaster, au nakala yake yoyote ya bei ndogo, hahitaji kitabu cha maelezo.

Historia ya magitaa mapya yaliyokataliwa inaunga mkono mizani hii, ingawa si kila mara. Mwaka 1958 Gibson ilitoa Flying V na Explorer, magitaa yenye pembe kali ambayo kiufundi hayakuwa na tofauti kubwa na ndugu zao, na wanunuzi wakayaacha kwa sababu ya sura tu, hata yakaondolewa sokoni haraka. Yalirudi baadaye, na yale machache ya awali sasa ni miongoni mwa magitaa ya umeme yenye bei kubwa kuliko yote. Sura, basi, huzoeleka kadiri miaka inavyopita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Ned Steinberger, ambaye alitokea kwenye ubunifu wa samani, alileta jambo zito zaidi. Gitaa lake la besi, na baadaye gitaa la kawaida, lilitengenezwa kwa nyuzinyuzi za kaboni na kioo zilizogandishwa kwa gundi ya kemikali badala ya mbao, mwili wake ulikuwa mdogo kama kasha la vitabu, na kichwa hakikuwepo. Wapigaji wakubwa walilikubali, akiwamo Mwingereza Allan Holdsworth, ambaye mkono wake wa kushoto hakuna aliyewahi kuutilia shaka. Hata hivyo gitaa hilo lilitumia nyuzi za aina yake, zenye kishikizo cha duara kwenye ncha zote mbili, wakati nyuzi za dunia nzima zina kishikizo kwenye ncha moja tu. Mpigaji aliyeishi jirani na duka lililoziuza aliagiza seti zake bila wasiwasi, na aliyeishi mbali nalo alikuwa na gitaa zuri lisilo na nyuzi. Vishikizo vya kuunganishia nyuzi za kawaida vilikuja kupatikana, lakini sifa ya usumbufu ilikuwa imeshakaa.

Gibson yenyewe iliangukia kosa jingine mwaka 2015, ilipoweka mitambo ya kujityuni, inayotumia betri, kwenye karibu magitaa yake yote ya umeme ya mwaka huo, ikapanua shingo na kupandisha bei kwa wakati mmoja. Wateja walikataa kwa sauti kubwa, na mwaka uliofuata kampuni ikagawa orodha yake mara mbili ili wanaotaka vigingi vya kawaida vya kukazia nyuzi kwa mkono wavipate.

Boden inaingia katika mstari huu ikiwa imelijibu swali la Steinberger kwa ustadi, kwa kuwa inatumia nyuzi zilezile zinazouzwa kila mahali. Kishikizo cha duara kinakaa kwenye daraja, katika kibebeo kidogo cha chuma, na kila uzi una kibebeo chake. Ncha ya pili inapita mwanzoni mwa shingo na kubanwa kwa skrubu inayokazwa kwa ufunguo wa pembe sita. Kazi hii inataka utaratibu ambao anayetoka kwenye gitaa la kichwa hana budi kujifunza. Kwanza kitufe cha kukazia kilicho nyuma ya daraja kifunguliwe hadi kibebeo kisogee mbele karibu na mwisho wa njia yake. Kisha uzi uvutwe kwa nguvu, kwa koleo ikibidi, usilegee hata kidogo, na hapo ndipo skrubu ikazwe. Ziada inakatwa mwishoni, baada ya uzi kufika kwenye sauti yake. Ukiubana uzi ukiwa umelegea, utazungusha kitufe mpaka kibebeo kifike mwisho wa njia na sauti ibaki nusu hatua chini ya inapotakiwa, na itakubidi uanze upya. Uzi ukikatika katikati ya onyesho, mwenye Telecaster anaupenyeza uzi mpya kutoka mgongoni mwa gitaa, anauzungushia kigingi na kuendelea kwa mikono mitupu, ilhali mwenye Boden hafanyi lolote bila ule ufunguo mdogo. Ufunguo huo ukae kwenye mkanda wa gitaa, si kwenye begi lililoachwa chumba cha nyuma.

Katika kutyuni lakini, Boden inaishinda Telecaster bila ubishi. Kitufe huvuta uzi kwa mstari ulionyooka kupitia hesi laini za skrubu, hakuna mizunguko ya uzi kwenye kigingi inayoendelea kujikaza yenyewe, na hakuna kipande cha uzi kinachobaki nyuma ya kizingiti, kile kinachoshikilia nyuzi mwanzoni mwa shingo, kikikwama na kuachia ghafla. Anayejua tabia ya uzi wa tatu kwenye magitaa yenye vigingi vitatu kila upande, ambako uzi hupinda kuelekea pembeni mara tu unapovuka kizingiti, ataelewa nafuu hiyo. Vitufe huwa vigumu kidogo kwa vidole uzi unapokaribia mkazo wake kamili, na mwenye vidole vyenye jasho atalihisi hilo, lakini sauti ikishakaa inakaa.

Uzito ndio jambo linalogusa maisha ya kazi kuliko yote. Les Paul ya kawaida ina kilo nne au zaidi. Bendi ya dansi haipigi nyimbo kumi na kushuka. Inapanda jukwaani usiku na kushuka kunakaribia kucha, na gitaa la rithim halina nafasi ya kupumzika wakati wa sebene. Bega linalobeba kilo mbili na ushei kwa saa tano si bega lile linalobeba nne. Zaidi ya uzito wenyewe kuna mlingano, kwani kwa kuwa hakuna kichwa chenye vigingi sita vya chuma kule mwisho, shingo haielemei chini mkono unapoiachia, na mkono wa kushoto haufanyi kazi mbili. Nitaongeza jambo ambalo tathmini za Ulaya na Marekani hulitaja kwa ajili ya ndege: urefu. Gitaa fupi linasafirika. Ndani ya daladala ya jioni, au mgongoni mwa abiria wa bodaboda, kichwa cha gitaa ndicho kinachogonga mlango, na kwa magitaa ambayo kichwa chake kimelazwa nyuma kwa pembe kali, kama yalivyo mengi ya Gibson, hapo ndipo mbao huvunjika likianguka. Kisichokuwepo hakivunjiki.

Mgongo wa shingo ni suala ambalo wasomaji watagawanyika, na ninaona wote wana haki. Shingo ya kawaida ina mviringo ambao kiganja hukumbatia kokote kinapotaka. Ya Boden, inayoitwa EndurNeck, ina mapande bapa yaliyokutana kwa kingo, na lile bapa la katikati halifuati mstari ulionyooka, linahama kwa mshazari kadiri mkono unavyopanda kuelekea mwilini. Kidole gumba kikitulia juu ya bapa hilo, kifundo cha mkono kinanyooka na mkono unapanda freti za juu bila kujikunja. Kwa mpigaji wa solo anayekaa juu ya freti ya kumi na mbili kwa muda mrefu, hiyo ni raha ya kweli. Lakini wapo wapigaji wa rithim, hasa waliojifunza kwa kutazama wakubwa wao jukwaani, wanaopitisha kidole gumba juu ya shingo ili kubana uzi wa sita au kuuzima. Shingo hii inawafundisha tena jambo walilokwisha kulijua. Haiwakatazi, ila inawakumbusha kila mara kwamba mbunifu wake alikuwa na mkono mwingine akilini. Mviringo wa Telecaster haumwelekezi mtu, na kwangu kutomwelekeza mtu ni sifa ambayo wabunifu wa kisasa hawaithamini vya kutosha.

Freti za mshazari zinatisha macho kuliko vidole. Lengo lake ni kuupa kila uzi urefu unaoufaa: kwenye Boden ya nyuzi sita uzi mwembamba una inchi 25 na uzi mnene inchi 25.5, ambao ndio urefu wa nyuzi zote za Telecaster. Uzi mnene ukiwa mrefu zaidi husimama imara na kutoa sauti safi ya chini, na mwembamba ukiwa mfupi hukubali kuvutwa. Tofauti ya nusu inchi ni ndogo, na mkono huizoea upesi, ingawa anayetumia kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye shingo, ajiandae kuilaza mshazari pia. Mfumo huu ulipewa hataza Marekani mwaka 1989 kwa jina la Ralph Novak, lakini wazo lenyewe lilikuwepo Uingereza katika karne ya 16, kwenye ala iliyoitwa orpharion, yenye nyuzi za chuma na freti zilizoinama. Kwa hiyo katika gitaa hili jambo linaloonekana kuwa geni kuliko yote lina umri mkubwa kuliko gitaa la umeme lenyewe kwa karne kadhaa.

Kuhusu mbao nitasema kidogo. Shingo ya Boden ina vipande vya kaboni ndani yake vya kuipa ugumu, na kwa anayeishi pwani hilo lina maana, kwani unyevu wa masika na ukavu wa kiyoyozi cha ukumbi huipindisha shingo ya mbao tupu na kumlazimu mwenyewe kurekebisha chuma cha ndani mara kwa mara. Wanaoamini kuwa sauti ya gitaa la umeme inakaa kwenye aina fulani ya mbao wamekuwa na wakati mgumu tangu Januari 2017, jenasi nzima ya Dalbergia, yenye miti ya mbao ngumu kama rosewood, ilipowekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na viwanda vingi vikabadilisha mbao za ubao wa vidole. Mpingo wetu, unaokwenda nje kutengeneza klarineti, uko katika jenasi hiyohiyo. Ala zilizokamilika zililegezewa masharti Novemba 2019, lakini kufikia hapo watengenezaji wengi, wakiwamo wa mapokeo, walikuwa wameshazoea mbao nyingine, na wasikilizaji hawakulalamika.

Sauti ya Boden ni safi, sawasawa kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, na noti hudumu muda mrefu. Kwa jazi na kwa roki nzito ni sifa tupu. Kwa sebene, sina hakika kwamba usawa ndio tunaoutafuta. Pikapu ya nyuma ya Telecaster (pikapu ni kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) imekaa kwenye bamba la chuma la daraja, na ukali wake, ule unaopenya katikati ya ngoma, tarumbeta na waimbaji watatu bila kuongeza sauti, ni kitu ambacho Boden hukifikia kwa swichi ya kugawa pikapu na kwa subira kwenye vitufe vya amplifaya, na hata hapo hukifikia kwa asilimia kubwa tu. Solo inayosuka noti fupi fupi zinazokufa haraka inanufaika na gitaa lisilong'ang'ania noti. Atakayerekodi studio ataliona jambo hili kuwa dogo, lakini jukwaani, kwenye spika za kukodi, ni kubwa.

Narudi kwa fundi. Nyuzi za Boden zinapatikana, nyaya zake zinalehemika kama za gitaa lolote, na shingo za Boden nyingi zimefungwa kwa skrubu kama alivyopenda Leo Fender. Hadi hapo imefaulu. Inaposhindwa ni kwenye vibebeo vya daraja na vibanio vya nyuzi, ambavyo ni vya mfumo wake peke yake. Hesi ya kibebeo kimoja ikilika, hakuna duka la Kariakoo wala la River Road litakalokuwa na kingine, na nakala za magitaa yasiyo na kichwa zinazotoka China hazina vipimo vinavyoingiliana nacho. Kigingi cha Telecaster kikifa, unaweza kukitoa kwenye gitaa bovu la jirani na kumaliza onyesho. Hii haimaanishi kwamba Boden imetengenezwa vibaya. Ndiyo gharama ya kubuni kila kitu upya, na mnunuzi anayeijua kabla ya kulipa hataumia sana.

Mambo mengine madogo yajulikane pia. Stendi nyingi na ndoano za ukutani hushika gitaa chini ya kichwa, kwa hiyo zitakuwa hazina kazi, na tuna ya kubana kwenye kichwa haina pa kubanwa, hivyo tuna ya mguuni inakuwa lazima.

Bei ya Boden ya daraja la chini huwa karibu na dola 1,000 za Marekani, na za juu huvuka 3,000, kabla ya usafiri na ushuru wa forodha. Chini ya nusu ya ile ya chini inatosha kununua Telecaster ya Squier, tawi la bei nafuu la Fender, na kubaki na fedha ya kumpa fundi azisafishe freti na kubadilisha pikapu. Kwa mpigaji wa rithim mwenye gitaa moja tu maishani, ushauri wangu ni Telecaster. Kwa mpigaji wa solo au wa studio ambaye bega au kifundo cha mkono kimeanza kumsumbua, na ambaye ana gitaa la pili la akiba, Boden ina thamani ya fedha yake, na sioni gitaa la mapokeo litakalompa nafuu ileile. Akiinunua mpya, aagize papo hapo vibebeo viwili vya akiba na skrubu za vibanio. Akiinunua kwa mtu, azungushe kila kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia yake ahisi kama kinakwama, achunguze kama vichwa vya skrubu havijaliwa na ufunguo usio wake, na asiondoke kabla hajakabidhiwa funguo zenyewe.